Kikohozi na Mshale wa Oili

Wenzangu wakikumbuka utoto hutaja harufu ya maandazi, au ya mvua ya kwanza juu ya vumbi. Kwangu mimi ni oili chafu. Juzi nilipita karibu na gereji moja pale Mtwara mjini, kijana mmoja akawa anafungua nati chini ya gari, oili nyeusi ya moto ikamwagikia kwenye beseni, na ile harufu nzito, ya kuungua kidogo, kama karanga zilizosahauliwa jikoni, ikanisimamisha palepale. Nilikuwa na samaki mkononi na jua lilikuwa kali, lakini nilisimama, mtu mzima na heshima zangu, nikivuta pumzi kama mwenye pumu. Kijana akaniuliza, "Mama, unatafuta fundi?" Nikamwambia hapana mwanangu, namtafuta baba yangu. Akarudi upesi chini ya gari lake, maskini, akidhani amekutana na kichaa.

Baba alikuwa dereva wa lori la ushirika, enzi zile korosho zetu zote zilipokuwa na mnunuzi mmoja. Nyumbani kwake hasa kulikuwa barabarani. Akilala kwetu Chilangala usiku mmoja, mwezi unaofuata tunasikia yuko Lindi, mara yuko Songea, mara amekwama Rufiji anasubiri maji yapungue. Alikuwa akija kama mgeni wa heshima. Mama anatandika mkeka mpya, kuku anakimbizwa, na mimi natoa shikamoo yangu nusu nikiwa nyuma ya kanga ya mama. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Halafu ananitazama kama mtu anayelitafuta jina langu mfukoni. Jina alilijua, bila shaka, maana kijiji kizima kilimwita Baba Agnesi. Lakini mimi niliona analitamka kwa shida, na jambo hilo liliniuma.

Kisha zikaja siku za ruksa. Soko likafunguliwa, wanunuzi wa kila namna wakapanda Newala na mizani zao, maduka yakajaa sabuni za rangi rangi na viatu vya mitumba, na ushirika ukaanza kuchechemea. Madereva wakaambiwa asanteni sana. Baba, badala ya kiinua mgongo, akapewa lori lenyewe, lilelile alilokuwa akiliendesha, ambalo lilikuwa kuukuu hata kabla mimi sijazaliwa. Watu walicheka. Asubuhi lilikuwa likiwashwa linakohoa, linatema moshi, linanyamaza, linakohoa tena, na haikuchukua muda likapewa jina la Kikohozi. Baba hakuchukia. "Babu yangu naye alikohoa maisha yake yote," alisema, "na aliwazika waganga wake."

Basi Kikohozi kikawa kinateremsha korosho za watu hadi Masasi na kupandisha saruji, chumvi na mabati. Na jioni baba anarudi. Jamani, kila jioni baba anarudi! Hamwezi kujua hilo ni jambo gani kama hamkukulia katika nyumba ambayo baba ni wa kusimuliwa tu. Nikajua kwamba hapendi mlenda, kwamba anakoroma, kwamba mwanaume yule mwenye mabega kama mlango anamwogopa kinyonga. Alinifundisha kukaanga korosho zenye maganda juu ya bati bila kuunguza nyusi zangu, na alinifundisha kwa kuziunguza zake. Mama akaacha kutandika mkeka mpya. Siku moja alimpa baba kiporo cha ugali wa muhogo na kisamvu cha jana, bila hata kuomba radhi, na baba akala huku anatabasamu. Nadhani ndiyo siku aliyogeuka mwenyeji.

Jumamosi, na shule zikifungwa, alinipandisha kabini. Kioo cha geji, kile kipimo cha oili chenye mshale, kilikuwa na ufa, na kwa upande wa usukani jua lilikipiga hata asione kitu. Kwa hiyo kazi ya kuutazama mshale alinipa mimi. "Oili ndiyo damu ya gari," alinieleza. "Inakaa chini, pampu inaifyonza, inaisukuma juu kwenye vyuma vyote. Mshale ukisimama hapa kati, damu inatembea. Ukilala chini, vyuma vinasagana vikavu. Basi hapo piga kelele, hata kama naongea na padri." Nikaikubali kazi kwa moyo wote. Wenzangu waliokuwa wakipanda lori walitazama mikorosho ikipita. Mimi nilitazama mshale.

Ukalala wakati wa msimu wa korosho, tukiwa tunatoka Masasi na mzigo wa saruji, tumeanza kuupanda ule mlima wa kwenda Newala. Kwanza ulitetemeka, kama mkono wa mtu aliyebeba ndoo iliyojaa. Halafu ukaanza kushuka polepole. "Baba, umelala!" Akazima injini hapohapo na kuweka jiwe nyuma ya tairi. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa tele. Akainusa, akaisugua kati ya vidole: haikuwa na maji, haikuwa na dizeli. Tukakaa kivulini tukatafuna karanga. Alipowasha tena, mshale ukasimama pale kati, mzima kabisa, kama vile haukufanya lolote. Tukashangilia. Tulipofika kona ya juu ukaanza kutetemeka upya.

Mnajua kwetu, gari la mtu mmoja likiugua, kijiji kizima kinakuwa daktari. Dereva mwenzake wa zamani alimwambia aongeze oili nzito, ile ya gia, eti kama uji mwepesi unavyokazwa kwa unga. Baba akaongeza. Asubuhi mshale ukapanda juu kuliko siku zote, na mchana ukalala vilevile. Jirani yetu mmoja akasema hilo limechezewa, watu wana roho mbaya, mtu akiachishwa kazi akapata lori watu hawalali. Akajitolea kumtafuta wa kuliagua. Mama akamjibu kwamba kwanza amtafute wa kuwaagua mbuzi wake wanaokula mbaazi zetu. Ndipo akaja fundi mmoja kutoka Newala mjini, kijana wa miwani myeusi. Hakufungua kitu. Alisikiliza maelezo nusu, akapiga boneti kwa kiganja kama anayempigapiga mgonjwa bega, akasema: "Mzee, krenki imekwisha hiyo. Injini ni ya kutupa."

Krenki ni kile chuma kikubwa cha katikati kinachozunguka, na injini ya lori lile, kwa umri wake, isingepata krenki nyingine. Nililijua hilo kwa namna baba alivyolifunga boneti taratibu. Jioni ile mama alikuwa akipukuchua mbaazi uani, mdogo wangu Danieli amefungwa mgongoni, na baba akaja akaketi kwenye kinu kilicholazwa.

"Krenki ikiwa imekwisha, Mama Agnesi, ndiyo basi. Tutaliuza chuma chakavu."

"Halafu?"

"Kaka yako aliniambia alipokuja. Dar kuna kampuni za mabasi zinatafuta madereva."

Mama aliendelea kupukuchua. "Dar," akasema, kama anayelionja neno.

"Nitakuwa nakuja sikukuu."

Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko na nilisikia kila neno. Niliondoka nikaenda kupanda kabini peke yangu. Injini ilikuwa imezimwa, na mshale, kwa haki yake kabisa, ulikuwa umelala chini. Nilijua kwamba gari likizimwa mshale hulala. Nililia hata hivyo, nikalia mpaka kamasi, nikiuambia uinuke. Sikuwa nalilia lori. Nilikuwa nauona mkeka mpya ukitandikwa tena, na baba akiketi juu yake kama mgeni, akilitafuta jina langu.

Baba hakuwa mtu wa kukubali hukumu ya fundi mmoja. Alisema kabla hajauza chuma chakavu atalipeleka Masasi kwa Fundi Issa, aliyekuwa akitengeneza malori ya ushirika na ambaye naye, baada ya kuambiwa asante, alikuwa amejijengea kibanda cha mabati chake mwenyewe. Tuliteremka polepole bila mzigo, tukisimama kila mshale ulipotetemeka. Mama alikuja nasi kwa sababu Danieli alikuwa na mafua makali, pua imeziba kabisa, na alitaka kumpeleka hospitali ya Masasi. Kila nilipopiga kelele "Umelala!" mama alifumba macho.

Fundi Issa alikuwa mnene, mpole, na mikono yake ilikuwa na weusi usiotoka hata Idi. Hakushika spana. Alimkaribisha mama kwenye kiti pekee kilichokuwapo, yeye akaketi juu ya tairi, akamwambia baba asimulie tangu mwanzo bila kuruka. Baba akasimulia. Alipofika kwa fundi wa Newala na miwani yake, Fundi Issa akasema tu, "Inawezekana," wala hakumcheka mwenzake. Nilimchukia kwa lile "inawezekana."

Kisha akaleta geji yake mwenyewe yenye kijibomba chembamba cha shaba, akaifunga moja kwa moja kwenye injini, akawasha. Tulisubiri. Nilikuwa nikiomba kwa Mungu kwamba geji yetu iwe mwongo. Injini ikapata moto, na geji ya Fundi Issa ikatetemeka, ikashuka, sawasawa na yetu. "Haya," akasema, "mshale wenu ni mkweli." Sijawahi kuuchukia ukweli namna ile.

Injini ikiwa bado inaunguruma, akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha ubavuni mwa injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Alihama hapa, akahama pale. Kisha akazima. "Krenki iliyolegea haijifichi," akasema. "Inagonga. Hapa sijasikia hodi." Akanigeukia mimi. "Na huyu je?"

"Huyo ndiye macho yangu," baba akasema.

"Basi sema, macho."

Nikasema yote. Kwamba unatetemeka kwanza, ndipo unashuka. Kwamba mlimani unashuka upesi zaidi. Kwamba tukizima na kutafuna karanga kidogo tu, tukiwasha unasimama tena.

"Mnakaa mpaka injini inapoa?"

"Haipoi! Chini panakuwa pa moto bado, nakunja miguu juu ya kiti."

Fundi Issa akamtazama baba. Baba akatikisa kichwa kukubali. Fundi akainuka, akaiwasha injini vilevile ilivyo ya moto, na mshale ukasimama pale kati. Akabaki anautazama huku anajikuna kidevu. Mama, ambaye wakati wote huo alikuwa akihangaika na Danieli, akasema bila hata kuinua uso: "Mbona kama huyu! Ananyonya, pua imeziba, anaacha, anahema, halafu anaanza upya kwa nguvu. Maziwa yapo tele. Shida iko kwenye kunyonya."

Fundi Issa akacheka kwa sauti, kicheko cha tumbo, halafu akakikata ghafla. "Shemeji, nilikuwa njiani naelekea huko huko. Umenipita kwa mguu wakati mimi niko kwenye lori." Akachukua mkeka wa gunia na kuingia chini ya Kikohozi.

Chini ya injini kuna bakuli kubwa la chuma linalobeba oili, mafundi huliita sampo. Aliimwaga oili yote, ile ya moto, na ndiyo harufu ninayowaambia. Kisha akafungua nati za sampo, moja baada ya moja, na baba akaipokea kama anayepokea mtoto kwa mkunga. Mdomo wa pampu ukaonekana, ule unaofyonzea, wenye chujio lake la waya. Na juu ya chujio, limelikumbatia na kung'ang'ania, lilikuwapo pande la nailoni.

Nailoni, ndugu zangu. Mfuko mwepesi wa dukani, ule wa mistari ya buluu, umelainika kwa moto na kuwa mweusi pembeni. Fundi Issa akaubandua kwa vidole viwili, akaeleza kwa furaha ya mtu aliyepata: injini ikivuta sana, oili inauvuta mfuko unaziba mdomo, mshale unashuka. Gari likizimwa, mfuko unalegea na kudondoka, na mtu akiwasha anapata mdomo wazi. "Krenki nzima! Pampu nzima! Lori lenu lilikuwa linanyongwa tu." Alikuwa akicheka. Baba na mama hawakucheka. Walikuwa wanautazama ule mfuko.

Ilibidi mtu awe wa huku juu kwetu kuelewa walichokuwa wanakitazama. Newala ardhi haina maji. Wakati ule akina mama walikuwa wakiyafuata bondeni, na kuyapandisha mlima mzima kichwani, na tone likimwagika ni jasho limemwagika. Kwa hiyo hakuna mwanamke aliyefunga dumu kwa kifuniko peke yake. Alitandaza nailoni mdomoni, akaizamisha kidogo, ndipo akakaza kifuniko juu yake. Mkono ulifanya wenyewe, bila kuuliza dumu limebeba nini. Na dumu la oili lilikuwa likikaa nyumbani kwetu, nyuma ya mlango, na mama ndiye aliyelifunga. Kifuniko kikifunguliwa harakaharaka, mfuko unateleza ndani. Hapo anayemimina hauoni mpaka umeshapita.

Nikaelewa kabla hawajasema. Nikawaza: mama ndiye aliyeua lori, na sasa baba atakasirika, na mwenye hasira ataondoka hata kama lori ni zima.

"Hiyo nimeifunga mimi," mama akasema.

"Niliyemimina ni mimi," baba akajibu.

"Ungejuaje? Niliizamisha ndani mno."

"Nina macho. Dereva gani anamimina oili bila kutazama?"

"Baba Agnesi, nasema nailoni ni yangu!"

"Na mkono ni wangu! Usinibishie mbele ya fundi!"

Sauti zilipanda. Danieli akaangua kilio. Mama alikuwa amesimama, machozi yanamlengalenga, na baba alikuwa ameng'ang'ania ile sampo kifuani hata oili imemchafulia shati lake la safari. Mimi nilijibanza kwenye tairi. Ugomvi wao wa kwanza niliowahi kuuona, na ulikuwa umetokea siku ileile tuliyopaswa kuokoka.

"Jamani," Fundi Issa akasema, "mnagombea urithi au kosa? Kama hamlitaki nyote, niachieni mimi hapa gereji, nina watu wa kuwasingizia." Baba akacheka kwanza. Mama akajifuta macho kwa ncha ya kanga na kusema fundi hana adabu, huku naye anacheka.

Sampo ikaoshwa kwa dizeli. Gasketi, ile karatasi ya kuzuia oili isivuje, ikakatwa kwa mkasi kutoka kwenye boksi la biskuti. Oili mpya ikamiminwa, na safari hii mama ndiye aliyeshika dumu, baba akishika faneli, wote wawili wakichungulia mdomo wake mpaka vichwa vikagongana. Mchana wa saa tisa tuliupanda mlima. Mshale ulisimama. Danieli, aliyekuwa amepewa dawa ya matone, alinyonya mfululizo bila kuacha. Karibu na kileleni mama akauliza, kwa sauti ya kuuliza bei ya chumvi, "Na Dar?"

"Dar kuna nini?" baba akasema, akabadilisha gia.

Nilidhani lori ndilo lililomjibia. Kwa miaka mingi niliamini hivyo, kwamba baba alibaki kwa sababu fundi aliokoa injini, na kwamba pande la nailoni lilikuwa limebakisha inchi moja tu kumchukua baba yangu. Kikohozi kilikufa baadaye, kifo cha haki, cha uzee, mimi nikiwa nimeshamaliza shule. Baba akalima korosho. Hakuondoka.

Sasa mimi ni mke wa mtu, na kanisani huwa wananiita kusuluhisha ndoa za wengine. Nimekaa kwenye vikao hivyo nikisikiliza mume na mke wakirushiana kosa kama kaa la moto, wewe ndiye, hapana ni wewe, mpaka nachoka masikio. Sijapata tena kusikia wawili wakinyang'anyana kosa, kila mmoja akilivutia kwake, kwa kelele, kwa machozi, kama wale wawili kibandani kwa Fundi Issa. Utotoni nilisikia ugomvi tu. Mwaka jana nilimuuliza mama, ambaye sasa ni bibi kizee wa kukaa barazani, kama krenki ingekuwa kweli imekwisha, baba angekwenda Dar. Aliniangalia kwa mshangao, kana kwamba hata shule zile zote hazikunisaidia.

"Baba yako?" akasema. "Aende wapi?"